Upande wa Kushoto wa Kibodi

Sikuwepo, ila rafiki yangu fundi kompyuta si mtu wa kutia chumvi. Hata utani hajui.

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alimwomba afute kila kitu kwenye kompyuta ya marehemu. Kabla ya kufuta, akafungua programu ya kuchezea gemu za zamani. Zamani walicheza wote kwenye kibodi moja: yeye mishale ya kulia, kaka herufi za kushoto, viwiko vikigombana.

Akacheza peke yake. Mara kwenye skrini mchezaji wa pili akaingia.

“Kaka, unanibana,” akasema kwa mazoea, akasogeza kiwiko.

Umeme ukakatika. Mapazia yalikuwa yamefungwa tangu msiba, giza totoro. Akaweka mikono yote mapajani.

Upande wa kushoto, vitufe vikaendelea kulia: ta, ta, ta-ta.