Tangazo la Mtu Aliyepotea Karuba

Siku ya soko la Karuba, kiangazi cha mwaka 1953 kilipokuwa kimekwisha kuigeuza barabara ya Mushaki kuwa vumbi, Drocella binti Nzabonimpa alipenya katikati ya wauza maharagwe na wauza vyungu akimtafuta mtangazaji wa baraza la sekta, kwa sababu kondoo dume wa baba yake alikuwa amepotea. Hakuwa akitafuta kitu kingine. Inafaa kulisema jambo hili mapema, maana wako watu wa Karuba waliokuja kudai baadaye kwamba kondoo alikuwa kisingizio. Kondoo alikuwa amepotea kweli.

Mtangazaji alisimama juu ya jiwe kando ya wachinjaji, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu, na sweta ya kijivu, kwa kuwa asubuhi za kiangazi huko vilimani zina baridi isiyojali majina ya majira. Mdomoni alikuwa ameweka bomba la bati la kupazia sauti. Aliutangazia umma kwamba ng'ombe wa Bihambwe watachanjwa. Kwamba shule ya ushonaji kwa akina mama itafunguliwa karibu na zahanati. Kwamba atakayechoma majani mlimani ataadhibiwa. Na kwamba mchezo wa mpira kati ya Karuba na Ngungu umeahirishwa, kwa kuwa mpira umepasuka. Aliyasema yote kwa sauti moja, kana kwamba mambo hayo yana uzito sawa. Aliitwa Honoré, na kwao kulikuwa Walikale, kule misituni, jambo ambalo watu wa vilimani walilitaja kila walipomtaja.

Baraza lilikuwa na desturi moja ya manufaa: habari zake zikiisha, mkazi yeyote aliyepotewa na mali aliruhusiwa kulitoa tangazo lake kwa mdomo, na mtangazaji alilazimika kulirudia kama lilivyotolewa, bila kuongeza wala kupunguza. Drocella akasogea.

"Alama yake?" Honoré aliuliza.

"Sikio ya kushoto imepasuka. Na iko mukaidi."

"Ukaidi haiko alama, dada. Haionekane kwa macho."

"Ungemufukuza tangu jana, ungeiona."

Honoré alilitafakari jambo hilo, kisha akapanda jiweni na kutangaza sikio pamoja na ukaidi. Haukupita muda, mwanamke mmoja aitwaye Emérita akaja kusema kwamba mnyama yumo ndani ya kabichi zake, amekataa kutoka, na kwamba amemtambua kwa ile alama ya pili.

Kiangazi ni majira ambayo mabaraza huyapenda. Watu hawapandi, na viongozi huamini kwamba mtu asiyepanda yumo hatarini. Kwa hiyo humwita kutengeneza barabara, kusafisha chemchemi, kuchimba mifereji ya kuzuia udongo usishuke, na kuhudhuria sherehe. Honoré alitembea kilima kwa kilima na habari hizo zote. Njia ya kutoka Bihambwe kwenda Ngungu haikupita nyumbani kwa Nzabonimpa. Yeye aliipitisha huko. Drocella, msichana mrefu asiyeharakisha maneno, alikuwa na kikwembe cha bluu chenye maua meupe alichokitunza kwa ajili ya Misa. Tangu kondoo apotee, akaanza kukivaa hata akiwa shambani karibu na njia, na mama yake aliliona hilo.

"Bwana Tangazo," alimwita siku moja akiegemea jembe, "leo kuko habari gani?"

"Chanjo ya ng'ombe imesogezwa mbele."

"Na ingine?"

"Ingine haiko ya baraza."

"Basi iko ya nani?"

"Iko yangu. Haijapata ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Yako, sheri."

Drocella akamwomba neno la mapenzi kama hilo alitoe kwa sauti ndogo, kwa maana mama yake, upande wa pili wa shamba, alikuwa ameunyoosha mgongo. Honoré alikuwa amezoea bomba kiasi kwamba hata bila bomba alisikika. Tangu hapo walizoea kukutana kwenye chemchemi iliyosafishwa kwa amri ya baraza, na pengine hiyo ndiyo amri pekee ya mwaka ule iliyotekelezwa kwa furaha. Honoré alimweleza kwamba hakujua kuongea kwa mizunguko. Kazi yake ilikuwa kuyapokea maneno na kuyapeleka yakiwa mazima. Drocella alimwambia kwamba hilo ndilo lililompendeza kwake. Hakujua kwamba ndilo litakalomponza.

Katikati ya kiangazi ikaja habari ambayo haikutangazwa sokoni: baraza la Walikale lilimtaka Honoré arudi kwao, akawe mtangazaji huko. Lori lililokuwa likija kwenye maonyesho ya mazao na mifugo, sherehe ya kufunga majira, ndilo lingemchukua. Basi ikambidi aende kuposa haraka.

Hapa desturi ya milima ile yahitaji kuelezwa, ingawa wenyewe hawakuwahi kuona haja ya kuieleza. Msichana hakutolewa kwa kuombwa tu. Wageni walikuja na mtungi wa pombe ya mtama, wakakaa. Ukoo wa msichana ulimteua mtu mwenye ulimi, na kazi ya mtu huyo ilikuwa kukataa. Alikataa kwa sababu zilizobuniwa, kubwa kuliko ukweli, na msemaji wa wageni alizivunja moja baada ya nyingine, huku wote wakinywa kwa mirija kutoka mtungi mmoja. Kadiri wageni walivyokataliwa kwa urefu, ndivyo msichana alivyoheshimiwa. Katika nyumba ya Nzabonimpa kazi hiyo ilikuwa ya mdogo wake, Sebarenzi, mtu aliyekuwa na sifa ya kukataa tangu asubuhi hadi ng'ombe wanaporudi zizini.

Honoré hakuyajua hayo. Alikuja na Polycarpe, mtu wa kwao Walikale aliyesimamia kazi ya barabara, ambaye pia hakuyajua. Drocella hakumwambia kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna mtu mzima asiyejua. Alijibanza nyuma ya ukuta wa matete pamoja na shangazi yake Généreuse, akiziba kicheko kwa ncha ya kikwembe, akingojea kusikia thamani yake ikibishaniwa mchana kutwa.

Salamu zilipokwisha, Sebarenzi akakohoa.

"Mumechelewa, wageni. Huyu musichana tulisha kumutoa. Kuko bwana yake kule Bihambwe, na ng'ombe ziko njiani."

Généreuse alinong'ona kwamba huo ni mwanzo mzuri. Kisha ikasikika ile sauti ya sokoni, safari hii bila nguvu.

"Aksanti, Mzee, kwa kutuambia ukweli. Tulikuwa hatujue. Mutusamehe."

Viatu vikatoka. Mtungi ukabaki katikati ya nyumba, mirija imesimama ndani yake, pombe haijaguswa.

Nzabonimpa alilielewa tukio hilo kwa namna moja tu iliyowezekana kwa mtu wa Karuba: aliyeondoka kwenye neno la kwanza alikuja ili akataliwe, na aliyeuacha mtungi wake ameudharau ukoo. Akaamuru mtungi uwekwe nje nyuma ya nyumba, usinywewe wala usimwagwe, na jina la mtu yule lisitajwe tena. Sebarenzi aliumia zaidi, kwa kuwa alikuwa amejitayarishia sababu za kutosha kutwa nzima na akapata nafasi ya kutumia moja, tena ndogo. Drocella alilia akichambua maharagwe, akayamaliza, akaendelea kulia bila kazi. Aliamini alichoamini baba yake. Chemchemini hakwenda tena. Na Honoré naye, akimheshimu yule bwana wa Bihambwe ambaye hakuwapo duniani, aliirudisha njia yake ya Ngungu mahali ilipotakiwa kupita.

Mambo yangebaki hivyo kama si kazi ya barabara. Siku chache kabla ya maonyesho, Drocella alipita na kapu lake mahali Polycarpe alipokuwa akiwasimamia watu wanaojaza mashimo. Polycarpe akavua kofia.

"Dada, Honoré amenituma nikuulize. Harusi yenu iko siku gani?"

"Harusi gani?"

"Yako na yule bwana wa Bihambwe. Anataka kujua, baraza isiite bantu kwa barabara siku ile. Anasema haifae jirani wakose ndoa yako juu ya mashimo."

Drocella akalitua kapu chini. Alimwuliza Polycarpe kama rafiki yake alisadiki kweli kwamba yuko bwana wa Bihambwe. Polycarpe akashangaa, akasema kwamba wote wawili walisadiki, kwani aliyesema alikuwa mzee, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kwamba Honoré tangu siku ile hali chakula cha kueleweka. Alipoelezwa desturi, akabaki ameishika kofia, kisha akasema atakwenda kumwambia mwenzake mara moja.

"Usimuambie," Drocella alisema. "Wewe uko rafiki yake. Atazania unamuhurumia. Ule muntu haamini kitu kama haijatangazwa."

Ilikuwapo na sababu nyingine. Msichana aliyemtumia mposaji ujumbe, huko vilimani, aliitwa mzigo uliokosa mbebaji, na jina hilo lilimfuata hadi kwa wakwe. Kumwendea baba yake kulikatazwa, kwa kuwa lile jina lisingeweza kutajwa. Lakini kutangaza mali iliyopotea kulikuwa haki ya kila mkazi wa sekta, na hakuna desturi iliyowahi kulizuia jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria.

Siku ya maonyesho uwanja wa soko ulijaa. Palikuwa na ng'ombe waliooshwa, kabichi za Emérita zilizokusudiwa kushinda, kwaya ya misheni, akina mama wa shule ya ushonaji wakiwa wamevaa blauzi walizoshona wenyewe, nyingine zikiwa na mikono inayolingana. Kando lilisimama lori la Walikale, na juu yake sanduku la mbao la Honoré lilikuwa limekwisha kufungwa kamba. Washindi walitajwa, ratiba ya chanjo ya mvua za kwanza ikatajwa, kisha ukafika wakati wa waliopotewa. Mtu mmoja alitafuta jembe. Nyuma yake alisimama Drocella na kikwembe chake cha bluu.

Honoré alimtazama kifuani, si usoni, kama mtu anayemtazama mke wa mwingine na hajui pa kuyaweka macho. Kisha akagundua kwamba kifua pia hakifai, akatazama ng'ombe.

"Dada. Umepoteza kitu gani?"

"Muntu."

"Alama yake?"

"Kaptula ya kaki. Na anaamini kila kitu anaambiwa."

Honoré aliachana na ng'ombe. "Alipotea wapi?"

"Mu nyumba ya Papa. Aliacha mutungi yake."

"Na bwana wa Bihambwe?"

"Hayuko. Hakukuwa. Ile njo namna yetu ya kupokea mugeni."

"Kwetu, muntu akisema hapana, iko hapana."

"Kwetu, akisema hapana, unaikala, unakunywa, unamujibu. Sasa tangaza. Bila kuongeza, bila kupunguza."

Alikuwa na sababu zote za kukataa: tangazo lilimhusu mwenyewe, watu wote wa sekta walikuwapo, na baba ya msichana alisimama hatua chache tu karibu na ng'ombe wake. Lakini kanuni ni kanuni. Akapanda jiweni, akaliweka bomba mdomoni, na bomba likagonga meno yake.

"Tangazo la mwisho. Amepotea mtu nyumbani kwa Papa Nzabonimpa. Alama zake: kaptula ya kaki, huamini kila aambiwalo. Aliuacha mtungi wake. Anayetoa tangazo anasema kwamba alipokataliwa alikuwa anakaribishwa."

Ni Emérita, ambaye kwa kupata vitu vilivyopotea alikuwa na uzoefu, aliyeinua mkono.

"Ule pale," akasema, "juu ya jiwe."

Kicheko kilianza upande wa kwaya na kuenea hadi kwa wachinjaji. Nzabonimpa hakucheka. Alimgeukia Sebarenzi, na Sebarenzi, ambaye uso wake ulikuwa umepata uhai uliokuwa umemtoka tangu siku ya mtungi, akasema kwamba safari hii mtu yule aje na mzee mwenye kinywa.

Lori liliondoka kesho yake pamoja na sanduku la mbao, bila mwenye sanduku. Honoré alitafuta mtungi mpya na mzee Kanyamibwa wa Ngungu, mtu wa maneno mengi na haya kidogo, akaja. Drocella alikuwa tena nyuma ya matete, na safari hii hakucheka.

Sebarenzi alikataa vizuri. Alisema kwamba msichana ameingia kwa masista. Kanyamibwa akasema masista wamemrudisha, amewashinda kwa ukaidi. Sebarenzi akasema kwamba ni mlemavu wa miguu. Kanyamibwa akajibu kwamba mposaji ana miguu inayowatosha wote wawili, sekta nzima ni shahidi. Pombe ikashuka mtungini. Jua lilipoanza kuwa la njano, Sebarenzi alimwacha Kanyamibwa akamgeukia Honoré mwenyewe, kinyume cha utaratibu, akamkazia macho.

"Kusema kweli, mwanangu, musichana alikufa. Tulimuzika jana."

Nyuma ya matete Généreuse alimshika Drocella mkono. Honoré hakusimama. Alivuta pombe kwa mrija, polepole, akameza.

"Nimesikia, Mzee," alisema. "Mimi niko muntu wa baraza. Nikiambiwa kifo, sharti niitangaze siku ya soko, na jina ya mwenye kuniambia. Niitangaze?"

Sebarenzi akafungua kinywa. Watu waliokuwapo husema kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukifungua bila kutoka kitu. Alimtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa akiutazama mtungi.

"Usiitangaze," Sebarenzi alisema hatimaye.

Katika nyumba ile, hiyo ilikuwa na maana ya ndiyo. Drocella akakikaza kikwembe chake cha bluu kiunoni, akaondoa mkono wa shangazi yake, akatoka kuwasalimu wageni.