Mpini wa Vidole Vinne

Jioni ile fundi cherehani alifunga kibanda chake mapema, akaenda kununua bisibisi.

Kitanda cha mtoto kilikuwa bado ndani ya boksi, kimeegemezwa ukutani chumbani tangu juzi. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane na ushee. Karatasi ya maelekezo ilionyesha vifaa viwili tu: bisibisi ya nyota, na kifunguo kilichopinda kama herufi L. Nyundo nayo ilichorwa, lakini juu yake pamepigwa alama ya X.

Duka la vifaa lilikuwa mwisho wa mtaa. Lilinuka mafuta ya mashine na vumbi la mbao. Muuzaji, mtu mfupi, alivaa glavu nyeusi mikono yote miwili.

"Kitanda cha kuunganisha?" aliuliza. "Chukua bisibisi hii. Kifunguo utakikuta humo humo ndani ya boksi. Vijiti vikikaza, gonga kwa nyundo ya mpira, taratibu. Mbao zile ni unga wa mbao uliogandishwa. Ukizipiga kwa chuma zinapasuka."

Fundi alisikia. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye nyundo kuukuu ya chuma, iliyotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Mpini wake uling'aa kwa jasho la mtu mwingine.

Yeye vifaa alivichagua kwa kuvishika, si kwa kuvitazama. Alikuwa na mkasi mmoja, wa miaka kumi na sita sasa, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata mke wake, hata kwa kukata uzi wa kanga. Mkasi unazoea mkono, alikuwa akisema. Ukiuazimisha, unakurudia mgeni.

Nyundo ile ilikaa mkononi kana kwamba imechongewa yeye. Kidole gumba kilipata kijishimo chake mpinini. Vidole vitatu vya nyuma navyo vikapata vyao. Kidole cha shahada peke yake kilikosa mahali. Kilibaki kimenyooka, kikielekeza mbele.

"Hiyo iache," muuzaji alisema kwa sauti ya chini.

"Kwani haiuzwi?"

Muuzaji alimtazama. Akaitazama nyundo.

"Inauzwa," akasema.

*

"Umeambiwa bisibisi, umekuja na nyundo," mke wake alisema. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo umeegemea ukuta. "Unajenga ghorofa?"

"Wewe shika ubao, mama mtu."

"Mama mtu ameshashika. Baba mtu asome karatasi kwanza."

"Karatasi zinachorwa na watu ambao hawajawahi kushika kazi."

Mke wake alicheka. Walifunga pande mbili kwa kifunguo, vizuri tu. Upande wa tatu, kijiti kimoja kikagoma kuingia tunduni. Mke wake alikishika kisimame, kwa ncha za vidole viwili.

Fundi akainua nyundo.

Ko.

Kijiti kikazama nusu. Mke wake akaondoa vidole.

Ko.

"Basi, kimeingia."

Ko.

"Kimeingia, nimesema!"

Ubao ulipasuka. Fundi alitaka kuiweka nyundo chini.

Vidole havikufunguka.

Pigo la nne lilitua pale mkono wa mke wake ulipokuwa kufumba na kufumbua kabla.

"We! Utani gani huu?"

"Toka," alinong'ona. "Toka humu..."

Lakini mlango ulikuwa nyuma yake yeye, na mkono ulishamtangulia. Ulimvuta kama mbuzi anayeburutwa kwa kamba. Ulipiga kioo cha kabati. Ulipiga ukuta, plasta ikamwagika. Mke wake alitambaa kwenye pembe, chini ya meza ya cherehani, mikono yote miwili tumboni. Nyundo iligeuka kumfuata.

Harufu ya mafuta ya mashine ilijaa chumbani. Chini yake palikuwa na nyingine. Damu ya zamani.

Fundi alishika nguzo ya kitanda chao kwa mkono wa kushoto. Nyundo ikarudi ikaupiga mkono huo huo. Alisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Akajaribu tena, kwa mwili mzima: akajiangusha juu ya mkono wake wa kulia, akaukandamiza sakafuni kwa kifua na goti. Mkono ulifurukuta chini yake kama mnyama anayechinjwa. Nyundo iligonga sakafu.

Ko. Ko. Ko.

Kila pigo lilimsogeza karibu na meza.

Hapo ndipo alipoona. Vidole vinne vilikuwa vimezama kwenye vijishimo vya mpini, barabara, kama vifungo kwenye matundu. Kimoja kilikuwa nje.

"Mkasi," alisema. "Uko mezani. Chukua."

"Mkasi wako?"

"Kata hicho kilichonyooka."

"Siwezi! Baba, siwezi..."

"Nguo isipomkaa mtu tunapunguza! Kata!"

Mke wake alitumia mikono miwili. Mara ya kwanza mkasi uliishia mfupani. Mara ya pili alipiga kelele, akabana macho, akaegemeza uzito wa watu wawili.

Kach.

Mkono ulifunguka wenyewe, polepole, kama wa mtu aliyemaliza kazi.

*

Hospitalini fundi alisema ni mashine iliyomkata. Wiki ya tatu aliirudisha nyundo, imefungwa kwa kipande cha shuka. Muuzaji hakushangaa. Alivua glavu ya kulia. Kidole cha shahada hakikuwepo.

"Kwa nini uliniuzia?"

"Nilikwambia uiache." Aliitundika tena msumarini, nyuma ya mlango. "Nimeitupa mara tatu, fundi. Inarudi. Wewe una bahati. Mke wako aliuwahi mkasi."

Fundi hakuwa amemwambia habari za mkasi.

"Na mke wako?"

Muuzaji alikuwa akivaa glavu.

"Wangu hakuwahi."

Kitanda alikimalizia mke wake mwenyewe, kwa bisibisi na kifunguo, akifuata karatasi mstari kwa mstari. Ubao uliopasuka aliubana kwa gundi. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Walimhesabu vidole mara tatu. Kumi.

Siku ya tisa, mtoto akiwa amelala, fundi alimwona akikunja ngumi ya mkono wa kulia. Gumba lilikunjwa. Vitatu vya nyuma vilikunjwa. Kidole cha shahada kilibaki kimenyooka. Fundi alikikunja taratibu kwa kidole chake.

Kikarudi.

Alisimama, akaenda kwenye meza ya cherehani. Palikuwa na uzi, chaki, futi ya kupimia. Mkasi haukuwepo.

"Umeuona mkasi wangu?"

Mke wake alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mtoto, mkono mmoja chini ya mto. Hakugeuka.

"Niachie mimi," alisema. "Mkasi umeshanizoea."