Mgeni wa Kiti cha Kumi na Mbili

Viti vya sinema ile ya Poplar, London, hujikunja vyenyewe mtu akiinuka. Ila mchana ule wa vita, king'ora cha kuonya juu ya ndege za Wajerumani kilipolia, Mavis Huckle, mwonyesha viti, alikiona cha kumi na mbili kikishuka taratibu bila mtu. Pakanuka sufu iliyoungua.

Meneja alipanda jukwaani kama kawaida yake: anayetaka handaki aende, picha inaendelea. Watu wakawazomea Wajerumani na mabomu yao, wakabaki. Aliyeinuka ni fundi viatu Gudgeon peke yake, jirani wa kiti kile.

"Mke wangu ananiita nje," alimnong'oneza Mavis.

Mkewe alikuwa marehemu. Gudgeon alifukuliwa maiti kwenye kifusi jioni ileile. Siku ya tatu muuza samaki akakaa palepale, naye akaitwa, akaenda hivyohivyo.

"Kanywe chai, binti," meneja alimwambia Mavis alipomweleza habari za kiti kile.

Jumamosi mama yake Mavis alichelewa, akajitafutia kiti gizani. King'ora kikalia. Mavis akateremka mbio kutoka juu, tochi mkononi, harufu ile ya sufu ikizidi, ndege zikinguruma juu ya paa na mpiga kinanda wa sinema akiwaimbisha watu na kukikandamiza kinanda chake ili afunike kelele zao, hadi akamkuta mama kwenye kiti cha kumi na tatu, kofia ameshavaa.

"Sid yuko nje. Anasema anaona baridi."

Sid, kaka yake Mavis, alizama na meli mwezi Juni.

"Mama, kaa."

"Niachie! Ni mwanangu!"

Mavis naye aliisikia sauti ya Sid, ikitokea kiti cha kumi na mbili, si nje. Alitamani kuifuata. Halafu akapandwa na hasira.

Mwonyesha viti akiketi kazini hufukuzwa. Mavis alijibwaga juu ya kiti cha kumi na mbili kwa uzito wake wote. Magoti ya baridi yakampokea, mikono ikamzunguka kiunoni, ikambana. Akamshika mama mkono, akaimba na ukumbi mzima, kwa sauti mbaya aliyojaliwa.

Bomu lilianguka barabarani, mbele ya mlango hasa. Vumbi likashuka. Mama alikuwa analia, mzima.

"Huckle!" meneja alifoka. "Umekaa kazini?"

"Nimekaa, bwana."

Mikono ile ilikuwa bado kiunoni mwake.

"Na kesho nitakukalia tena," alisema, na hakuwa akimwambia meneja.