Nani Aidhinishe

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka rangi na chuma kilichoungua. Watu wanne, benchi moja, mlango umetiwa komeo.

Kipara alisimama. Hakuwa mtu wa kukaa anapopanga kazi.

"Rudia, shemeji. Waya asikie vizuri."

Mwanamke aliyeitwa shemeji alikuwa mjane wa mdogo wake Kipara. Kundi zima lilimwita hivyo. Alifanya kazi makao makuu ya kiwanda cha saruji, msimamizi wa idhini kwenye mfumo wa kumbukumbu.

"Faili za vipimo vya mapafu ya wafanyakazi zimefungwa," alisema. "Ukitaka kuzigusa, unatuma ombi. Linakwenda kwa daktari wa kiwanda na kwa mwanasheria. Wote wakikubali, zinafunguka. Mmoja akikataa, basi."

"Na wewe?" Waya aliuliza. Yeye ndiye alikuwa fundi wao wa kompyuta.

"Mimi siidhinishi kitu. Mimi napanga nani aidhinishe."

Waya alicheka kwa pua. "Bosi wa mabosi."

"Kwa mshahara wa mfagiaji."

Mtu wa nne, Dereva, peke yake ndiye aliyetabasamu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mchana wakubwa wakiwa kwenye kikao, Shemeji awaondoe daktari na mwanasheria, aweke akaunti ya mstaafu mmoja ambayo Waya alikuwa ameifufua. Waya atume ombi, ajikubalie mwenyewe, anakili faili, atoke. Faili ziende kwa wakili wa wajane wa wafanyakazi, wanaodai fidia. Mumewe Shemeji, aliyefanya kazi kiwandani humo, alikufa anakohoa vumbi. Kiwanda kikasema ni sigara. Marehemu hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake, na neno hilo lilikuwa bado limemkwama mjane wake kooni.

Saa sita mchana.

Waya alipita mapokezi na ovaroli ya mafundi wa viyoyozi, akaketi kwenye kompyuta ya mwisho dirishani. Nje, kwenye uchochoro, Dereva hakuzima injini. Kipara alikuwa kando yake, simu mkononi.

Mezani kwake, upande wa pili wa ofisi hiyo hiyo, Shemeji alifungua ukurasa wa waidhinishaji. Akamtoa daktari. Akamtoa mwanasheria. Akaingiza akaunti ya mstaafu; ikabaki kuithibitisha tu.

Ombi la Waya likatokea kwenye kioo chake. Alilisoma kwa mazoea tu. Kisha akalisoma tena.

Halikuwa ombi la kunakili. Lilikuwa la kufuta. Faili zote, pamoja na nakala za akiba.

Akapiga simu, mkono umeziba mdomo. "Waya amekosea. Ameweka kufuta."

Kipara alishusha sauti.

"Hajakosea. Meneja wa uzalishaji ndiye mwenye kazi, ndiye anayetulipa. Wezi wakifuta, yeye haulizwi. Tulia, fungu lako lipo."

"Vipimo vya mdogo wako vimo humu."

"Mdogo wangu yuko kaburini. Vipimo havitamfufua."

Mazikoni mtu huyu alilia kuliko wote. Shemeji ndiye aliyemshika asianguke. Alikumbuka uzito wake begani, na hasira ikamjaa mpaka akasikia meno yake yakisagana.

Kule dirishani Waya alikuwa akimpungia mkono: harakisha, akaunti haijafunguka.

Aliifuta akaunti ya mstaafu. Kisha akafanya kitu ambacho katika kazi yake hakuwahi kukifanya. Alituma ombi la kunakili faili zote, na kwenye nafasi ya mwidhinishaji akaandika jina lake mwenyewe. Akakubali. Faili zikafunguka. Akazituma kwa wakili wa wajane.

Ombi la Waya lilikuwa bado linasubiri mtu wa kuliidhinisha. Akalipangia watu: daktari, mwanasheria, wakuu wa idara zote, wajumbe wote wa bodi. Nyuma ya ukuta, kwenye chumba cha kikao, simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine.

Waya alikuja mbio, akamkamata ukosi. Macho yake yakaangukia kioo.

"Umejiandika jina lako? Una wazimu?"

"Sitaki wahangaike kunitafuta."

Mlango wa kikao ulifunguka. Mwanasheria alitoka na simu mkononi, akiwaita walinzi. Waya alimwachia, akakimbilia ngazi. Walimwangusha kabla hajaifikia.

Uchochoroni, Kipara alishuka garini achungulie. Dereva alisikia king'ora, akakanyaga mafuta, akamwacha amesimama na mlango wa gari ukipepea mbele yake.

Jioni Kipara, Waya na Shemeji walipakiwa karandinga moja la polisi, pingu mikononi, wakitazamana.

"Umewauza ndugu wa mumeo," Kipara alisema. Mdomo wake ulikuwa umevimba. "Na wewe unafungwa, mjinga."

"Najua."

"Basi umepata nini?"

Gari liliruka shimo. Shemeji alingoja litulie.

"Mahakamani watakuuliza nani alikutuma ufute," alisema. "Ujibu kwa sauti, shemeji. Wajane watakuwa wamejaa mpaka nyuma."