Kizuizi cha Mua

"Mimi siogopi kiumbe chochote chenye miguu," alitamba Mzee Muzamiru, fundi cherehani wa Mafubira. "Nyoka kidogo, na yeye hana."

Papo hapo sauti nzito ikatoka barabarani. "Wewe mzee, simama kidogo."

Fundi hakusimama. Alizama chini ya cherehani na kujifunika gomesi, gauni pana la mteja.

Aliyekuja alikuwa Geresom tu, askari polisi, jirani yao. Kifungo cha shati lake kilikuwa kimekatika.

"Natafuta fundi," akasema.

"Yuko chini," akajibu Hajarah, mke wa Muzamiru. "Anatafuta sindano."

"Huku amejifunika gomesi?"

"Sindano ni ndogo, afande."

Geresom alipoondoka, Hajarah hakucheka. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini si kwa mumewe. Wakati wa vita, wanajeshi walimshusha Sulait, mdogo wake Muzamiru, kwenye kizuizi cha barabarani. Muzamiru alibaki garini, akitazama. Sulait hakurudi tena. Tangu siku hiyo Muzamiru alilala usingizi wa viraka. Akisikia Kiswahili cha amri, lugha ya wanajeshi wale, alitafuta pa kujificha.

Na sasa binti yao Nulu alikuwa anaolewa Mbale. Baba ndiye wa kumwozesha. Lakini njia ya Mbale ilikuwa bado na vizuizi vya jeshi.

"Nitamtuma mtu aniwakilishe," alisema Muzamiru.

"Nulu amesema atakungoja wewe, Baba Nulu. Hata akizeeka."

Hajarah akampeleka kwa Eseza, mjane wa mtaa uleule. Eseza alikuwa amefundishwa na wahudumu wa afya kuwasaidia watu walioumizwa na vita. Kila Alhamisi majirani walikaa uani kwake.

"Mimi si mwendawazimu," Muzamiru alianza, hata kabla ya salamu.

"Nani amesema? Kaa, unywe chai."

"Basi ni jini?"

"Jini gani anaogopa polisi?" Eseza alisema, na watu wakacheka. "Sikia, mzee. Mwizi akishakimbia, mbwa huendelea kubweka. Mwili wako ndio unafanya hivyo. Bado unakulinda na hatari iliyopita. Mbwa huyo hatumpigi. Tunamtuliza polepole."

"Na asipotulia?"

"Tunakusindikiza hospitali. Pia mtu akikosa usingizi kabisa, au akisema heri afe, hatungoji Alhamisi. Tunakwenda naye siku hiyohiyo."

Hakuna aliyemlazimisha kusema. Alhamisi mbili alisikiliza tu. Ya tatu akamtaja Sulait, akalia mbele ya watu. Hakuna aliyemwambia, "Jikaze, wewe mwanamume." Mama mmoja alimsogezea kikombe chake, basi.

Ndipo Muzamiru mwenyewe akaomba wafanye mazoezi ya kizuizi. Walilaza mua mrefu juu ya viti viwili. Geresom akaombwa awe mwanajeshi.

"Simama. Unakwenda wapi?"

Muzamiru alikwenda jikoni, mbio, akamkanyaga kuku.

"Leo inatosha," alisema Eseza. "Kuku naye apumzike."

Wiki iliyofuata Eseza alimfundisha kukanyaga ardhi kwa nguvu na kutoa pumzi taratibu. "Sasa taja unavyoviona."

"Naona mua. Naona kuku, amenuna. Naona soksi ya afande ina tundu."

"Tundu liache," alisema Geresom. "Unakwenda wapi?"

"Mbale. Kumwozesha binti yangu."

Watu wakapiga vigelegele. Kisha wakakivunja kizuizi na kukitafuna. Kila Alhamisi walinunua kingine, na kila Alhamisi Muzamiru alikipita kwa urahisi zaidi. Hata usingizi ukaanza kumrudia.

Siku ya harusi ilipofika, Geresom alisafiri pamoja nao, maana kwao ni Mbale. Walipita vizuizi vyote. Muzamiru akamwozesha Nulu kwa kinywa chake mwenyewe, na sauti haikutetemeka. Nulu alicheka na kulia kwa pamoja.

Wakati wa pilau, Muzamiru aliwageukia wakwe. "Mjue, njiani kuna mwanajeshi alinikazia macho. Nami nikamkazia hivi. Yeye ndiye aliyeangalia chini."

"Kweli aliangalia chini," alisema Geresom, akikunjua vidole vyake kimoja kimoja. "Aliangalia mkono wangu, mzee, jinsi ulivyoung'ang'ania. Halafu akaniuliza kama bibi harusi ni wewe."