Nayeli Anaimba Kadi

Nayeli ana miaka sita. Anaishi San Antonio, Texas, na mama yake Lupe, mdogo wake Chuy, na Bibi Chayo, aliyezaliwa Meksiko.

Jumapili mchana, meza ya jikoni hufutwa. Mjomba Beto huja na binti yake, Maribel. Kisha wote hucheza loteria.

Kila mchezaji ana ubao wa picha: jogoo, chura, jua, ngazi. Bibi huvuta kadi na kuimba jina lake kwa Kihispania. Mwenye picha hiyo huifunika kwa haragwe. Anayefunika mstari mzima kwanza hushinda, na hupaza sauti: "Loteria!"

Vuta kadi, imba kadi.
Maharagwe: tak, tak, tak!

Jumapili hii Bibi alikohoa. Koho, koho!
"Sauti imekauka, wanangu. Nani ataimba?"

"Mimi!" alisema Nayeli.

Maribel akacheka. "Wewe? Wewe husomi maneno. Unasoma picha!"

"Picha zinanitosha!"

"Haya. Ukishindwa kadi moja tu, naimba mimi."

Nayeli akachukua rundo la kadi. Akavuta kadi. Picha ya jogoo.
"El gallooo!" akaimba.

Akavuta nyingine. Picha ya chura.
"La ranaaa!" akaimba.

Vuta kadi, imba kadi.
Maharagwe: tak, tak, tak!

Lo, utamu ulioje! Watu wazima walimngoja yeye. Hata Mjomba Beto, mwenye masharubu, alimngoja yeye.

Akavuta kadi nyingine. Akaitazama. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

Picha haikuwepo. Chuy alikuwa ameitafuna. Nyam, nyam, nyam. Sehemu ya chini ya kadi kulibaki maneno tu.

Wote wakashika maharagwe yao, wakangoja.

"Mwimbaji!" alisema Mjomba Beto. "Maharagwe yangu yataota mizizi!"

Maribel akanyoosha mkono. "Lete kadi."

Nayeli akaishika kwa nguvu. Angeweza kutaja chochote. Jua? Ngazi? Nani angejua?

Lakini mtu angefunika picha isiyo yake. Huo haungekuwa mchezo.

"Ngoja," alisema.

Akaweka kidole chini ya herufi. Neno la kwanza lilikuwa fupi. "La." Hilo alilijua. Lilikuwa kwenye kadi nyingi.

Neno la pili lilianza kama jina la Mama. Lupe. Lu.
"Lu..."

"Lu nini?" aliuliza Maribel.

"Mwache asome," alisema Bibi, kwa sauti yake ya kukwaruza.

Kidole kikasogea. Sehemu hii Nayeli aliifahamu vizuri. Kila siku shuleni aliiandika juu ya karatasi yake. Nayeli. Na.

"Lu... na. Lu-na."

Akasikia alichosema. Macho yakamtoka.

"Luna! Mwezi! La lunaaa!"

Tak!

Haragwe moja lilianguka kwenye ubao. Maribel akaruka juu ya kiti.
"Loteria! Nimeshinda! Mwezi ni wangu!"

Kisha akamtazama Nayeli. Akakaa. Akajikuna sikio.
"Umeisoma kweli?"

"Nimeisoma."

"Basi imba tena. Lakini polepole, wewe! Unakimbia mno."

Vuta kadi, imba kadi.
Maharagwe: tak, tak, tak!

Safari hii, kila alipovuta kadi, Nayeli aliziba picha kwa kidole gumba. Alisoma kwanza, akaimba baadaye. Mara nyingine alichelewa. Mjomba Beto aliguna, lakini alingoja.

Usiku, Mama Lupe alikaa kitandani kati ya watoto wake. Akafungua kitabu kipya.

Nayeli akaweka kiganja juu ya picha.

"Hutaki kuona?" aliuliza Mama.

"Bado, Mama. Nisome kwanza."

Akasoma neno. Akakwama. Akarudi nyuma, akasoma tena. Chuy akapiga miayo. Mama hakuharakisha.

"Farasi mweupe amelala mtoni," Nayeli alisoma, mpaka kwenye nukta.

Ndipo akainua kiganja.

Palikuwa na mto. Palikuwa na farasi. Alikuwa mweupe, na alikuwa amelala, vilevile alivyosoma.