Jicho la Bibi Deolinda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Iria alikunywa kahawa ya maziwa jikoni pamoja na bibi yake, Deolinda, fundi wa kudarizi aliyejulikana kote mjini Lousã. Siku moja Bibi aliukazia macho ukuta wa vigae.

"Nani kapinda vigae vyangu?"

"Havijapinda, Bibi."

"Na wewe una doa usoni. Hukunawa?" Bibi alicheka, kisha akafikicha macho; doa lilibaki palepale. Akashusha sauti. "Usimwambie mama yako. Marehemu dada yangu alianza hivihivi, akapofuka. Aliambiwa hakuna dawa."

Iria alikaa na siri hiyo siku tatu. Siku ya nne Bibi alimimina maziwa ya moto nje ya kikombe, yakamuunguza mkono. Iria alimkimbilia mama yake, Graça, akamweleza yote huku analia.

"Umeniuza, wee mtoto!" Bibi alifoka. Njia nzima hadi hospitali ya Coimbra alimgeuzia Iria mgongo.

Daktari Quaresma alimpima kwa makini. "Mishipa dhaifu ya damu imeota ndani ya jicho, kwa nyuma, na inavuja. Tutakuchoma sindano ya dawa humo jichoni, kila mwezi kwa kuanzia."

"Jichoni? Kachome mbuzi, mwanangu!"

Daktari alicheka. "Tutatia ganzi kwanza. Enzi za dada yako dawa hii haikuwepo, mama. Sasa ipo. Ila ungechelewa, kovu lingebaki, nasi tungeshindwa."

Bibi aliingia chumba cha sindano akinung'unika. Iria, mlangoni, hajamaliza sala ya tano, Bibi akatoka.

"Kumbe! Nyuki anauma zaidi!"

Baada ya sindano ya tatu, mistari ya vigae ilinyooka na doa likafifia. Kutunga uzi bado kulimshinda, lakini alisoma gazeti na kutambua nyuso za watu. Hakukosa hata miadi moja, maana daktari alimwonya asikatishe matibabu.

Jumapili moja, nje ya kanisa, jirani yao Hermínia alinong'ona kwamba jicho lake moja lina ukungu katikati.

"Kesho hospitali!" Bibi alisema. Kisha akamkumbatia Iria mbele ya watu wote. "Huyu alisema kweli, nami nikamkasirikia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi giza ndilo lingeniumbua. Mjukuu wangu, umpendaye akikuomba umfichie ugonjwa, kataa. Asante, mama. Leo nakuona mpaka kope."